Jumatatu Isiyokwisha

Jirani alisema alimwona kwa macho yake mawili, na kama Mungu angempa la tatu angelileta nalo litoe ushahidi. Ilikuwa Jumatatu, tarehe kumi na sita, saa kumi na mbili asubuhi, naye alikuwa anafagia uwanja. Ng'ambo ya ukuta wake kuna tangi kubwa la maji linalohudumia mtaa mzima. Akamwona mpima maji, yule wanayemwita Pua, anapanda ngazi ya tangi na ndoo ya bluu iliyofunikwa kitambaa. Alipofika juu akageuka kulia, akageuka kushoto, kama mwizi wa kuku. Akafunua mfuniko. Akamimina unga mweupe, akakoroga kwa fimbo ndefu, midomo ikimchezacheza. Kisha akashuka, akapangusa mikono kwenye suruali na kumpita jirani bila hata salamu. Siku mbili baadaye mjukuu wa jirani, mtoto wa miaka minne, akaharisha tangu alfajiri mpaka jua likakaa utosini, na pumzi ikakatika.

"Midomo ilikuwa inasema nini?" Inspekta aliuliza.

"Nitajuaje, mwanangu? Maneno ya namna hiyo yanasikika na kila mtu?"

"Jana ulimwambia koplo wangu kwamba ndoo ilikuwa inafuka moshi."

"Ilifuka."

"Leo hujautaja."

"Leo nina uchungu. Moshi umenitoka kichwani."

Inspekta aliandika yote, na moshi pia. Alikuwa mwanamke asiye na haraka, na watu wengi walimdhania mzito wa kuelewa, jambo ambalo halikumkera hata kidogo. Pembeni mwa mlango lilikuwepo beseni la nguo za mtoto, hazijafuliwa tangu Jumatano. Nzi walikuwa wamelivaa kama shuka. Kila upepo ulipogeuka, harufu ilikuja ikamkaa kooni.

"Mama, mtoto alikunywa maji gani?"

"Ya bomba. Kuna tangazo limebandikwa pale getini kwa watu wa maji: maji yamepimwa, ni salama. Nimelisoma mwenyewe."

"Uliyachemsha?"

"Ya nini nichemshe kitu kilichopimwa?"

Hilo Inspekta hakuliandika. Alifunga daftari, akatoa pole, akatoka.

Ilikuwa Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi. Saa nane mchana Pua alitakiwa kusimamishwa mahakamani kwa shitaka la kuua, na katika jalada lake hakukuwa na kitu zaidi ya ndoo ya bluu na maneno ya jirani. Nyumba yake ilikwisha kupigwa mawe. Mke wake na binti zake walikuwa wamelala kituoni kwenye benchi, maana hawakuwa na pa kwenda. Mkuu wa kituo alikuwa amesema, "Ukinipa kingine kabla ya saa nane, nitakisoma. Usiponipa, nitasoma hiki."

Chumba cha mahabusu kilikuwa na watu kumi na mmoja na debe moja la haja. Debe lilikuwa limejaa. Inspekta aliagiza mtuhumiwa atolewe nje, kwenye korido, apate hewa, na yeye mwenyewe aipate.

Pua alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini na kitu. Jina lake la utani halikutokana na ukubwa wa pua. Lilitokana na tabia yake ya kunusa kila glasi ya maji kabla ya kunywa, hata arusini.

"Ndoo ilikuwa na nini?"

"Klorini, afande. Dawa ya maji, ile ya unga, ya akiba."

"Kwa nini uifunike?"

"Ipandishe ngazi bila kuifunika uone. Utakohoa mpaka ini lichungulie."

"Ulikuwa unanuiza maneno."

"Nilikuwa nahesabu vijiko."

"Ukampita mama wa watu bila salamu."

"Nilikuwa nimebana pumzi. Na yule mama, afande, ukimsalimia asubuhi unaachiwa adhuhuri."

Koplo, aliyesimama nyuma, alicheka puani. Inspekta hakucheka. "Nani alikuagiza utie dawa kwa ndoo?"

"Hakuna. Meneja alikataa. Karibu wiki mbili nilikuwa namwambia, bosi, maji hayanuki dawa tena, yananuka tope. Ananijibu kioo cha kompyuta kinasema dawa ni sifuri nukta tano, wewe unasema nini? Nikamwambia pua yangu inasema sifuri. Akacheka mbele ya watu. Akasema pua haina namba."

"Na kazi yako ni kufuata kioo."

"Ndiyo kazi yenyewe. Kikishuka chini ya nukta tatu nafungua koki ya dawa zaidi. Kikipanda juu ya nukta nane napunguza. Kikiwa katikati sigusi. Ukigusa bila kioo kukuambia, umejifukuzisha kazi. Wiki mbili hizi kimekaa nukta tano, nukta sita, kimetulia kama maji ya mtungi. Basi nikaiba dawa ya akiba, nikapanda asubuhi kabla bosi hajafika. Ndoo moja kwenye tangi lile ni sawa na kutemea mate moto. Lakini niliona bora hiyo."

"Niambie siku yako nzima. Kuanzia unapofungua mlango."

Alimwambia. Ilichukua karibu saa nzima, na Inspekta hakumkatiza. Pampu, vichujio, mafuta ya mashine, daftari la zamu. Kisha akafika kwenye kijiti cha kupimia, kile kinachoingia ndani ya bomba kubwa na kuionja dawa.

"Kinashika utando, kwa hiyo lazima kioshwe. Jumatatu, saa nne kamili, kengele ya shule inapolia, nakichomoa, nakifuta kwa kitambaa laini, dakika sita, nakirudisha. Kioo kinashuka mpaka sifuri, halafu kinapanda tena."

"Jumatatu tu?"

"Jumatatu tu. Siku nyingine saa nne niko nje, kwenye vichujio."

"Jumatatu hii kilishuka?"

"Kilishuka kama kawaida." Pua aliinamisha kichwa. "Ndicho kilichonivunja moyo, dada yangu. Nikasema basi mashine ni nzima, kilichokufa ni pua."

Kabla ya kuondoka, Inspekta alipiga simu zahanati, akamwomba muuguzi wa zamu amsomee daftari la wagonjwa wa kuhara. Muuguzi alisoma kutoka nyuma kwenda mbele. Wa kwanza aliingia Jumatatu tarehe tisa. Siku ile walikuwa sita.

"Koplo," alisema, akiirudisha simu mfukoni, "ndoo ilimiminwa tarehe kumi na sita. Ni sumu gani inayowaangusha watu wiki moja kabla haijatiwa?"

"Labda ni sumu yenye haraka, afande."

"Mlete Pua. Mtie pingu, tunaenda naye kwenye maji."

Meneja wa mtambo aliwapokea akiwa anachokonoa meno kwa kona ya kitambulisho chake cha kazi. Alikipangusa kwenye shati, akakining'iniza tena shingoni, akanyoosha mkono. Inspekta aliona afadhali ashike kalamu.

"Karibu, afande. Pole na kazi. Maji?"

Nyuma yake zilipangwa katoni za maji ya chupa, nyingine juu ya nyingine, mpaka kwenye kizingiti cha dirisha. Alinyofoa chupa moja, akaiweka mezani.

"Ya bomba hayapo?"

"Ah, ya bomba ni ya wananchi." Alicheka mwenyewe.

Kwenye katoni ya juu ilibandikwa hati ya kupokelea mzigo. Inspekta aliisoma bila kuinuka: ofisi ya meneja, katoni ishirini, Jumamosi tarehe saba. Sahihi ilikuwa na mkia mrefu.

"Hii sahihi ni yako?"

"Zote humu ni zangu. Afande, tusipoteze muda. Mimi nimekuandalia karatasi za kompyuta, za kila siku. Zinaonyesha dawa ilikuwa sawa siku zote, nukta tano, nukta sita. Maana yake maji yetu ni safi, na aliyeyachafua ni huyo uliyemfunga pingu. Mashine haina shangazi, afande. Haipendelei mtu."

Inspekta aliomba pia karatasi za mwezi uliopita. Meneja hakuona ubaya, akampa. Meza ilikuwa inanata, kuna kitu kitamu kilimwagika hapo siku nyingi na hakikufutwa, kwa hiyo alizitandaza sakafuni, siku kwa siku, akachuchumaa juu yake na rula. Kila karatasi ilikuwa na mstari mmoja unaopanda na kushuka, na saa zimeandikwa chini. Karatasi za mwezi uliopita hazikufanana. Kila siku ilikuwa na milima yake. Siku mbili za kwanza za mwezi huu nazo hazikufanana, ya tarehe tatu ilikatika mchana, na za tarehe nne na tano zilikuwa tupu.

Katika zile za kuanzia tarehe sita, alichukua karatasi mbili, akaziweka moja juu ya nyingine, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Mistari ililaliana kama nywele mbili kwenye kichana. Akachukua ya tatu, kisha ya nne.

"Meneja, huu mstari unaoanguka mpaka sifuri saa nne asubuhi, ni nini?"

"Ni kuosha kijiti. Pua ndiye anayeosha."

"Kila siku?"

"Ndiyo, kila... sijui. Muulize yeye."

"Hii ni ya jana, Alhamisi. Saa nne asubuhi mstari umeanguka, na baada ya dakika sita umepanda. Jana Pua alikuwa mahabusu. Chumba cha bomba tulikitia kufuli letu tangu Jumatano, na ufunguo ninao mimi. Jana nani aliosha?"

Meneja alihamisha kitambulisho kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Labda mashine imejiosha."

Inspekta alirudi nyuma kwenye rundo mpaka akaipata aliyokuwa anaitafuta: tarehe mbili, Jumatatu, siku moja kabla ya karatasi kukatika. Akaiweka juu ya ile ya jana. Zililaliana. Akaiweka juu ya nyingine zote, mpaka zikafika kumi na nne. Tangu tarehe sita, mtaa mzima ulikuwa unakunywa maji ya siku mpya kila siku, na kompyuta ilikuwa inaishi Jumatatu ileile.

"Nipeleke juu ya tangi," alisema. "Halafu nipeleke kwenye hiyo kompyuta."

Meneja alisema tangi halina haja, ngazi ni mbovu, mama wa watu ataanguka. Inspekta alikuwa tayari ameshika ngazi.

Mfuniko ulikuwa umesukumwa kando. Ndani, utando wa kijani ulikuwa umepanda ukutani kwa unene wa kidole, ukining'inia majini kama ndevu za mbuzi. Panya alikuwa anaelea chali, amevimba, manyoya yamemtoka tumboni, na ngozi pale ilikuwa nyeupe kama unga wa ugali. Alikuwa anazunguka polepole, kwa sababu maji yalikuwa yanavutwa kwenda chini, kwenye mabomba, kwenye majagi ya watu. Inspekta alifunga mdomo kwa kiganja. Alihesabu mpaka kumi, akapiga picha tatu, akashuka.

Pua alikuwa chini, pingu mkononi, amesimama kando ya mpira mwembamba unaopeleka dawa. Aliuonyesha kwa kidevu. Mdomo wa mpira ulikuwa umezibwa na gaga jeupe, gumu, kama kinyesi cha ndege kilichokaukia.

"Hapa haikupita dawa siku nyingi," alisema. "Na kioo kikisema ipo, nani atainama kutazama?"

Fundi wao wa kompyuta walimwita Kidole, kwa sababu alichapa kwa kidole kimoja tu, cha kulia, kwa kasi ya kutisha. Vingine alivitumia kulia chakula. Alikuwa na sahani ya mifupa ya kuku kando ya kibodi, na herufi zote za katikati zilimeta mafuta. Kioo mbele yake kilikuwa cheusi, na namba kubwa za kijani, za mtindo wa zamani. Sifuri nukta tano. Sifuri nukta sita.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu," Inspekta alisema. Alisimama, maana kiti cha wageni kilikuwa na mfupa juu yake.

Kidole alilamba kidole, akafurahi. Alipenda kueleza. "Programu hii ya kupimia ni ya kale, afande, imetengenezwa kabla mimi sijazaliwa. Kompyuta yake ya asili ilikufa tarehe tatu. Sasa programu yenyewe haikubali kompyuta mpya. Ni kama bibi kizee anayekataa kulala nyumba isiyo yake. Nilichofanya, ndani ya hii kompyuta mpya nimeweka mwigizaji, programu inayojifanya ni kompyuta ya zamani. Bibi akifumbua macho anaona kuta zilezile, kitanda kilekile. Hajui kama amehamishwa."

"Na kijiti kilicho kwenye bomba kinaongeaje na bibi?"

"Kwa huu hapa." Alionyesha waya mnene wa kijivu uliotoka ukutani, wenye kichwa kipana cha pini tisa. "Kompyuta za siku hizi hazina tundu la namna hii, kwa hiyo nimeweka adapta. Hapo ndipo penye kazi! Bibi anajua tundu moja tu maishani, tundu namba moja. Adapta yenyewe inajitokeza kama namba saba. Lazima umwandikie mwigizaji: bibi akigonga namba moja, wewe mfungulie namba saba. Na kasi ya kuongea ilingane pande zote mbili, la sivyo anasikia bwabwabwa."

"Na wewe ulimwandikia."

"Nilimwandikia."

"Kijana ni hodari sana," alisema Meneja kutoka mlangoni.

Inspekta alitazama namba kwa muda mrefu. Kisha akainama, akashika kile kichwa cha pini tisa.

"Usiguse, afande! Huo ni mtambo wa umma!"

Alichomoa.

Kwenye kioo, sifuri nukta tano. Halafu nukta sita. Halafu nukta tano. Koplo alisogea mbele kama mtu anayetazama mazingaombwe. Namba ziliendelea kubadilika kwa utulivu wao uleule, na waya ulikuwa mkononi mwa Inspekta, unaning'inia kama nyoka aliyekatwa.

"Mlango wa bibi ninao mimi," alisema. "Anaongea na nani humo ndani?"

Inspekta aliweka waya mezani, akageukia mlango.

"Koplo, mfungue Pua pingu. Pua, nenda kafunge mlango mkubwa wa maji. Yasitoke hata tone."

Meneja alinyanyua mikono. "Kufunga maji ya mtaa mzima ni lazima kibali kutoka juu, afande! Ngoja nipige simu kwanza, kuna utaratibu—"

"Juu nimekwisha kwenda. Nimekutana na panya."

Pua alikuwa ameshatoka mbio, koplo nyuma yake.

Kidole alimtazama Meneja. "Ongea wewe, bosi."

"Mimi nitaongea nini? Kompyuta ni zako."

"Zangu? Tarehe tano nani alisema wakaguzi wanakuja kesho, nataka kioo chenye namba, namba zozote? Nani? Au ulikuwa unaongea na huu mfupa?"

"Usinivunjie heshima, kijana!"

"Nyamazeni," Inspekta alisema. "Kidole. Anaongea na nani?"

Kidole alisukuma sahani. "Nilikesha siku mbili, afande. Bibi alikuwa anagonga, hafunguliwi. Kioo kinaandika hakuna kifaa. Wakaguzi wanakuja asubuhi. Basi nikamwambia mwigizaji, bibi akigonga namba moja mpe hili faili la namba. Nikachukua namba za tarehe mbili, ndiyo siku ya mwisho iliyohifadhiwa nzima kwenye ile kompyuta iliyokufa. Nikazipanga saa kwa saa, zijirudie. Bibi akanyamaza. Ilikuwa ya kuwapitisha wakaguzi tu."

"Tarehe mbili ilikuwa Jumatatu. Hukujua kwamba Jumatatu ndiyo wanaosha kijiti?"

"Mimi ni mtu wa kompyuta," Kidole alisema. "Mambo ya maji siyajui."

Na Pua kila Jumatatu, kengele ikilia, alichomoa kijiti chake na kuona sifuri aliyoitegemea. Siku moja tu katika wiki ambayo mtu aliupima ule uongo, ndiyo siku ambayo uongo ulimjibu sawasawa. Inspekta aliandika tarehe mbili kwenye daftari, akaipigia mstari.

"Nifungulie hayo maandishi uliyomwandikia mwigizaji."

Kidole alisita, kisha akafungua. Palikuwa na mistari michache ya maneno mafupi. Inspekta hakuijua lugha ile, lakini alijua kusoma taratibu. Mstari mmoja ulitaja faili. Chini yake palikuwa na mwingine uliotaja tundu namba saba, na mwanzoni mwake alama ndogo.

"Hii alama ni ya nini?"

"Inaambia kompyuta iruke huo mstari. Isiusome."

"Na kando umeandika 'imekubali', tarehe saba."

Nje, mbali, lilisikika gurudumu la chuma la mlango wa maji likilalamika.

"Ilikubali, si ndiyo?" Inspekta alisema. "Jumamosi tarehe saba ulipata dawa ya ugonjwa. Bibi akaongea na kijiti cha kweli. Alisema ngapi?"

"Sifuri."

"Ukamwambia nani?"

Kidole alimwelekezea Meneja kile kidole chake, kilichokuwa bado kinameta. "Akasema nizime. Ijumaa tumewapa wakaguzi karatasi ya nukta tano, Jumamosi iwe sifuri? Watarudi. Akasema turudishe Jumatatu kwanza, dawa itajazwa, halafu tutawasha ya kweli polepole."

"Ikajazwa?"

Wote wawili waligeukia Meneja. Alikuwa ameshika chupa yake ya maji, kifuniko mkononi.

"Kuna mambo mengi ofisini, afande," alisema. "Ilipitiwa."

"Lakini chupa hazikupitiwa. Katoni ishirini, siku ileile."

Meneja alitazama chupa kama iliyotiwa mkononi mwake na mtu mwingine. Hakuwa na haya usoni. Alichokuwa nacho ni kero, kama mtu aliyekatizwa kula, na Inspekta, aliyewahi kuketi na wauaji wa mapanga wakilia kama watoto, aliona kwamba wale aliwaelewa zaidi.

"Ondoa hiyo alama," alimwambia Kidole. "Na ule mstari wa faili uuache ulivyo kwanza. Nitaupiga picha."

Alipiga picha. Kidole akaondoa alama, akaweka nyingine mbele ya mstari wa faili, akamzima mwigizaji na kumwasha tena. Inspekta mwenyewe alirudisha kichwa cha pini tisa mahali pake. Kioo kilikuwa cheusi kwa muda, kikaonyesha maneno ya zamani, kisha namba.

Sifuri nukta sifuri.

Pua alirudi amelowa jasho, viganja vina kutu, nyuma yake koplo anahema. Alisimama mlangoni. Alitazama kioo kwa muda mrefu, akavuta hewa puani, polepole, kama anavyofanya kwenye glasi.

"Hiyo ndiyo yenyewe," alisema. "Msikiguse. Ngojeni."

"Tungoje nini?" Inspekta aliuliza.

"Ikikaa sifuri robo saa nzima, programu inapiga kelele yenyewe. Kuosha ni dakika sita, haifiki. Mimi nimeisikia mara moja tu, nikiwa mgeni kazini."

Walingoja. Inspekta alimpigia mkuu wa kituo, akaongea kwa maneno machache. Mshitakiwa wa saa nane hatakwenda mahakamani, afunguliwe jalada la shahidi. Mke wake aambiwe, yeye na mabinti, sasa hivi, wasingoje karatasi. Kuna wengine wawili anawaleta. Gari la matangazo lipite mtaani, watu wamwage kila tone walilonalo. Pua aliposikia neno la mke wake alishika fremu ya mlango, akakaa sakafuni taratibu, mgongo ukutani. Kidole alianza kukusanya mifupa kwenye sahani, mmoja mmoja. Meneja alikunywa maji yake. Koo lake lilipanda na kushuka, na chumba kizima kilisikia.

Mlio ulianza bila onyo. Ulikuwa mwembamba, mkali, wa sauti moja isiyopumua, na ulitoka kwenye kompyuta, ukapita korido, ukatoka madirishani, ukavuka ukuta. Huko ng'ambo mtu aliita jina la mtu. Ufagio ulinyamaza. Nyuso mbili zikatokea juu ya ukuta, kisha tano, na katikati yao uso wa jirani, kanga ya msiba kichwani, anatazama moja kwa moja mlango uliokuwa wazi.

Kidole alipeleka mkono kwenye kibodi. Inspekta alimtazama, naye Kidole akaurudisha.

Meneja aliweka chupa chini. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, alikuwa amesimama wima.

"Afande," alisema, "naomba waizime hiyo. Watu wanasikia."

Inspekta alikuwa anaandika saa. Pua, sakafuni, alikuwa amefumba macho.

"Afande. Nakuomba."